Karatasi za uraia kabla ya kujiandikisha kupiga kura: mwongozo kwa watu wa Mbeya, Iringa na mipakani

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti saizi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kila zoezi la kuandikisha wapiga kura likikaribia, mlangoni wanajaa watu wenye bahasha za kaki, na wengi swali lao ni lile lile: "Kaka, nikienda kituoni wataniomba nini kuonyesha kwamba mimi ni Mtanzania?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hawakuombi kitu. Unataja jina, umri, unakokaa, unajibu maswali, unatia saini kwamba uliyoyasema ni kweli, unapigwa picha, unaweka vidole, unapewa kadi. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, si sharti la kuandikishwa.

Jibu refu linaanzia pale mtu anapokutilia shaka. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, lakini ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria imzuie mwenye uraia wa nchi nyingine, na pia anayeshindwa kuthibitisha umri wake au uraia wake. Siku ukiulizwa, mzigo ni wako. Na ukitaka kujua nani huulizwa zaidi, simama mpakani Kasumulu au Tunduma nusu saa tu.

Mwongozo huu ni wa kujiandaa kabla ya siku hiyo.

Kwanza: jua ni daftari gani unaloliongelea

Hapa wengi waliteleza mwaka 2024. Kuanzia Oktoba 11 hadi 20 watu waliandikishwa kwenye orodha ya wapiga kura ya mtaa au kitongoji, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kisha Desemba 27 hadi Januari 2, 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikaleta Mbeya na Iringa mashine za BVR, zile zinazochukua picha na alama za vidole, kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Wateja wangu kadhaa wakasema, "Aa, mimi nimeshajiandikisha," wakaendelea na Krismasi yao. Walichokuwa wamejiandikisha ni kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Kwa rais, mbunge na diwani hawakuwamo.

Orodha ya mtaa haitoi kadi. Daftari la Kudumu linatoa. Kama huna kadi yenye picha yako kutoka Tume na hujawahi kuwekewa vidole kwenye mashine, bado hujaingia humo.

Tume inatakiwa kuliboresha daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Oktoba 29, 2025, kwa hiyo kabla ya 2030 mashine zitarudi. Usingoje kusikia gari la matangazo likipita ndipo uanze kutafuta cheti. Kituo hufunguliwa siku saba, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na siku saba hazitoshi kurekebisha herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa. Nimejaribu.

Kuhusu umri, huna haja ya kuwa na miaka 18 siku ya kujiandikisha. Inatosha uwe utaitimiza ifikapo siku ya kupiga kura. Wazazi wenye vijana wa kidato cha nne na cha tano walisahau hilo na watoto wakaachwa.

Pili: jua wewe ni raia wa namna gani

Sheria ya Uraia, ile ya mwaka 1995, inajua njia tatu. Kuna raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi, na raia wa tajnisi. Wote watatu wanapiga kura sawa, ila ushahidi wao haufanani, na mtu asiyejua yuko kundi gani hujikuta anabeba karatasi zisizomsaidia.

Raia wa kuzaliwa ndio wengi wetu. Umezaliwa ndani ya nchi, na Uhamiaji wakikuhoji jicho lao linakuwa kwa wazazi: alau mmoja awe Mtanzania. Kwa hiyo ushahidi wako ni vitu viwili vinavyoshikana mikono: kinachoonyesha umezaliwa wapi na nani, na kinachoonyesha huyo aliyekuzaa ni Mtanzania. Watu huleta cha kwanza wakasahau cha pili.

Raia wa kurithi ni aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania. Hawa tunao wengi kuliko tunavyodhani, nitawarudia kwenye habari ya mpaka.

Raia wa tajnisi aliomba akakubaliwa, na ana hati. Kwake kazi ni nyepesi kupita wote: hati ya tajnisi, basi. Aitoe kopi, aithibitishe kwa wakili, ya halisi aifungie kabatini.

Sasa ndoa, maana hapa maneno ya vijiweni yanapotosha sana. Mwanamke wa Kimalawi au Kizambia aliyeolewa na Mtanzania hageuki raia siku ya harusi. Ndoa inampa nafasi ya kuomba uraia. Mpaka akubaliwe, bado ni raia wa kwao, hata kama amezaa watoto sita na anazungumza Kinyakyusa kukuzidi. Vivyo hivyo binti yetu aliyeolewa Nakonde, Zambia, hapotezi uraia kwa sababu ya mahari. Akichukua uraia wa huko kwa hiari yake ndipo habari inabadilika, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Tatu: kila karatasi na inachokisema

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuamini karatasi inasema jambo ambalo haisemi.

Barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa inasema unaishi pale. Haisemi wewe ni raia. Hata mganga wa kienyeji kutoka Lilongwe anaweza kupewa barua kwamba ni mkazi wa mtaa fulani, na barua hiyo ikawa ya kweli kabisa. Ibebe, ila usiitegemee peke yake.

Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kinasema ulizaliwa wapi, lini, na wazazi wako ni nani. Mtoto wa mgeni akizaliwa hospitali ya Mbeya naye anapata cheti. Kwa hiyo cheti ni nusu ya safari; nusu ya pili ni uraia wa mzazi aliyetajwa humo. Hata hivyo ni nusu muhimu kuliko zote, na kwa hili mkoa wetu ulitangulia: mpango wa kuwapa vyeti bure watoto wa chini ya miaka mitano ulipofika Mbeya mwaka 2013, kina mama walirudi kutoka kliniki na cheti mkononi. Watoto wa wakati ule wameanza kufika umri wa kupiga kura. Mama, kitafute kile cheti. Kiko kwenye lile begi la kadi za kliniki.

Kitambulisho cha NIDA kina nguvu kwa sababu ili ukipate ulishahojiwa habari za uraia. Lakini soma aina yake. NIDA hutoa vitambulisho vya raia, vya wageni wakazi na vya wakimbizi. Nimewahi kuletewa kopi na kijana anayesisitiza, "Si NIDA hii hapa?" Ilikuwa NIDA kweli, ila ya mgeni mkazi. Nilimrudishia taratibu.

Pasipoti ya Tanzania inatosha, ila ni wangapi wanayo Rujewa au Ludewa? Leseni ya udereva inaonyesha wewe ni nani, basi. Cheti cha darasa la saba au cha kidato cha nne kinaonyesha ulisomea hapa na kwa jina gani, na hilo lina uzito kuliko watu wanavyofikiri, hasa ukiwa huna kingine. Kadi ya chama cha siasa iache nyumbani.

Wapo wanaosema heri kila mtu alazimishwe kuleta cheti ili wageni wasipenye. Naelewa wanakotoka. Lakini jimbo la Kansas kule Marekani lilijaribu kuanzia 2013: ukijiandikisha, leta karatasi ya uraia. Watu zaidi ya 30,000 wakakwama, wengi wao raia halali ambao hawakuwa na cheti karibu, na mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ikaifuta sheria hiyo. Nikifikiria bibi zetu wa Makete waliozaliwa shambani, naona tungekwama wangapi sisi.

Nne: karatasi zako ziseme jina moja

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Weka karatasi zako zote juu ya meza, kalamu mkononi, soma jina herufi kwa herufi.

Sisi watu wa huku majina yetu yana mitego. "Mwa" ya mwanzo inaning'inia au inakatwa kulingana na haraka ya karani. Ambakisye anakuwa Ambakisie, Anyelwisye anakuwa Anyelwise, kisha mwalimu wa darasa la kwanza aliyetoka mkoa mwingine anaona bora amwandike Angelo. Huku Iringa na Njombe majina yanabaki mafupi na salama, lakini hapo nako jina la ubatizo na jina la nyumbani yanabadilishana viti: shuleni Yohana, nyumbani Mwalihomba, kwenye cheti yote mawili kwa mpangilio ambao hakuna anayeukumbuka.

Mimi mwenyewe cheti changu kiliandikwa na mtu mwenye haraka, katika ofisi ambayo sitaitaja. Jina la baba likapoteza herufi tatu za mwanzo. Nikaishi na cheti hicho miaka ishirini bila kusoma. Nilipokuja kuhitaji, kwenye cheti mimi ni mtoto wa mtu ambaye hayupo duniani. Safari ya kwanza nikaambiwa nilete kiapo. Ya pili nikaambiwa kiapo kinataka kitaje majina yote mawili. Ya tatu mhusika yuko kikaoni. Ya nne nikapata, nauli ikiwa imeshaizidi gharama ya cheti.

Kwa hiyo fanya hivi. Tofauti ndogo za tahajia, nenda kwa wakili au hakimu ukaape kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Kiapo kitaje kila jina kama lilivyoandikwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, na kitaje ni karatasi gani. Kiapo kinachosema "majina yangu hutofautiana" bila kuyataja hakina kazi. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, omba marekebisho kwa msajili. Ofisi ya RITA ya wilaya iko kwa Mkuu wa Wilaya. Ukitaka kubadili jina kabisa, hilo ni jambo lingine linalohitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, usilichanganye na kosa la karani.

Tarehe nazo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ichukue, iweke kando ya cheti. Wiki iliyopita mama mmoja wa Uyole alikuta NIDA inamwita mzaliwa wa 1984 na cheti cha shule 1987. Tuliangaliana tukacheka, maana sote tunajua miaka mitatu inapoteaga wapi: mtoto amechelewa kuanza shule, mzazi anampunguza ili apokelewe. Lakini mtu asiyekujua hacheki. Anaona watu wawili.

Kuna tofauti moja isiyo kosa, na nimewazuia watu kadhaa kuihangaikia. Kama ulizaliwa Mbozi, Ileje au Tunduma na cheti kinasema Mkoa wa Mbeya, kiko sahihi: Songwe ilizaliwa mwaka 2016. Aliyezaliwa Makambako au Ludewa na cheti kinasema Iringa, naye yuko sawa, Njombe ilimegwa 2012. Usiende kumsumbua msajili abadili mkoa.

Tano: wa mpakani

Shangazi yangu wa Kyela alizaliwa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mama yake alikuwa na mimba ya kwanza, akaenda kujifungulia kwao kama desturi ilivyotaka, akakaa mpaka mtoto alipokaza shingo, akarudi kwa mumewe. Baba ni Mnyakyusa wa Kyela, babu yake kazikwa Kyela. Shangazi amelima mpunga upande huu maisha yake yote.

Kituoni mwandishi anayeandikisha wapiga kura akamuuliza alizaliwa wapi. Shangazi ni mtu wa kanisa, hajui kuzungusha maneno. Akasema, "Karonga, mwanangu." Wakala wa chama aliyekaa pembeni akainua mkono. Foleni ikanyamaza.

Alirudi nyumbani bila kadi, akanipigia simu akilia. Nilichomwambia ndicho ninachokuambia wewe: swali la mwandishi halikuwa baya, na jibu lake halikuwa baya. Kilichokosekana ni sentensi ya pili: "Nimezaliwa Karonga, baba yangu ni Mtanzania wa kuzaliwa, na ushahidi wake huu hapa." Kesho yake alirudi na cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake, cheti chake mwenyewe cha darasa la saba cha shule ya Kyela, kopi ya NIDA ya mdogo wake wa baba mmoja mama mmoja, barua ya mtendaji, na mjomba wangu mzee anayeweza kutaja ukoo mpaka vizazi vitano bila kumeza mate. Akaandikishwa.

Mpaka wetu hauendi kama watu wanavyokaa. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu, Wandali wako Ileje na wako Chitipa, Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde. Hata mto wenyewe haujatulia. Songwe hupinda na kuhama mafuriko yakija, shamba lililolala huku likaamka kule. Kwa hiyo mtu wa Kasumulu au Isongole kusema "nilizaliwa kule" ni jambo la kawaida kabisa, ila aliseme akiwa na karatasi za mzazi.

Mambo manne kwa wa mpakani.

Tafuta karatasi za mzazi kabla ya zako. Mzazi akiwa hai, mwombe kopi ya NIDA yake leo. Akiwa amefariki, tafuta cheti cha kifo, cha ubatizo, kadi yake ya zamani ya mpiga kura, barua ya kazi, kadi ya ushirika wa kahawa au kakao, chochote chenye jina lake na kijiji chake.

Kama una hati yoyote ya ng'ambo, iwe kitambulisho, kadi ya kura au pasipoti, usije kituoni kujaribu bahati. Nenda Uhamiaji kwanza ukaeleze. Wapo waliochukua kitambulisho cha kule ili wapate mbolea au matibabu, hawakuwaza uraia. Lakini ukikionyesha kituoni, au kikikutwa, maelezo yako yatakuwa yamechelewa.

Zoea maswali. Uhamiaji wakikuhoji hawaishii kwenye jina lako. Wanataka la babu, kijiji cha bibi, shule ya msingi uliyosoma, kiongozi wa kitongoji chenu wakati huo. Vijana waliokulia mjini hukwama hapo, wala si kwamba ni wageni: hawajawahi kumuuliza mtu. Muulize bibi yako jioni ya leo, andika kwenye daftari.

Na la mwisho, ambalo ni ushauri wangu tu. Raia wa kurithi hampi mtoto uraia huo huo wa kurithi naye akizaliwa nje. Shangazi nilimwambia: wajukuu wazaliwe upande huu, kliniki ipo.

Sita: wazee wasio na cheti

Mzee aliyezaliwa kabla ya Uhuru mara nyingi hana cheti, wala hakuhitaji. Kwake jambo linarudi Desemba 9, 1961: aliyezaliwa Tanganyika, na alau mzazi mmoja naye amezaliwa Tanganyika, aliamka siku hiyo akiwa raia. Kwa hiyo unatafuta mahali alipozaliwa na mahali alipozaliwa baba au mama yake.

Vitabu vya kanisa vinasaidia kuliko watu wanavyojua. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na misheni za zamani kama Tosamaganga zimebatiza vizazi na vizazi. Nenda ofisi ya parokia au usharika na mwaka wa kukisia, jina la mzee na la wazazi wake, uombe cheti cha ubatizo kitolewe upya. Cheti hicho kinasaidia pia ukitaka kumwombea mzee cheti cha kuzaliwa kwa usajili uliochelewa. Kwa Waislamu na wasio na kanisa, kiapo cha mtu aliyemzidi umri au waliokua pamoja, kikiambatana na barua ya kijiji.

Zipo pia familia za Wabaluchi wa Usangu, za Kihindi pale Iringa mjini, watu ambao wapo hapa tangu enzi za wakoloni na bado huulizwa "wewe wa wapi?" kwa sababu ya rangi. Kwenu sheria ni ile ile. Karatasi ya babu mliyo nayo ni ya thamani, msiilamineti: muhuri wa zamani unatakiwa uonekane na uguswe.

Saba: siku yenyewe

Jiandikishe unakoishi. Kwa kuwa mashine zilikuja kwetu wakati wa Krismasi, watu waliokuja kula sikukuu kutoka Dar es Salaam walipanga foleni Tukuyu na Mafinga, wakapata kadi, wakapanda basi. Oktoba ilipofika kura zao zilikuwa Tukuyu, wao wako Mbagala.

Beba kopi, ya halisi iwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Desemba na Januari kwetu ni mvua. Huhitaji begi zima: cheti cha kuzaliwa au cha shule, NIDA kama ipo, ya mzazi kama wewe ni wa mpakani, barua ya mtaa. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hawapangi foleni, waambie wasimame mbele.

Ndani utakuta mwandishi msaidizi, mwendesha kifaa cha BVR, na mawakala wa vyama. Mawakala wapo kwa mujibu wa sheria na wanasaidia kutambua watu wa eneo hilo, usiwaone maadui. Jibu kinachoulizwa. Ukiulizwa ulizaliwa wapi, taja mahali na mzazi kwa pumzi moja.

Vidole sasa. Wachuma chai wa Rungwe na Mufindi, wachimba viazi wa Uporoto, vidole vyenu vimepasuka na mashine haivioni. Usiku wa kuamkia, osha kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta, asubuhi futa vikauke. Mashine hizi nchi nzima zilianzia kwetu, Makambako, Februari 2015, na tatizo mojawapo lililosikika lilikuwa vidole vya wakulima.

Kujiandikisha ni bure. Anayekuomba hela ya "kuharakisha" mkwepe. Na usijiandikishe mara mbili kwa kudhani kadi ya pili ni akiba: sheria inataja faini ya kuanzia 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au vyote. Kadi ikipotea au ukihama, hiyo inaitwa kuboresha taarifa, na inaweza kuanzia kwenye mfumo wa Tume wa mtandaoni kisha ukamalizia kituoni.

Nane: ukikataliwa, au jina lako likiwekewa pingamizi

Usigombane mlangoni. Uliza sababu, omba iandikwe, chukua jina la kituo na saa. Kama ni suala la ushahidi, rudi nao kesho yake. Siku saba zipo kwa ajili hiyo. Kama ni suala la uraia wenyewe, ofisi ya Uhamiaji ya wilaya ndiyo yenye neno, nenda ukahojiwe upate majibu. Juu ya kituo yupo afisa mwandikishaji kwenye halmashauri yako, na usiporidhika na uamuzi wake, Mahakama ya Wilaya ipo.

Pingamizi linaweza kuja pia baadaye. Daftari la awali hubandikwa vituoni ili watu walikague, na mpiga kura mwingine anaweza kusema fulani si raia. Ndiyo maana nawaambia wateja wapite wakasome majina yao, hata kama kadi iko mfukoni. Ukiitwa kujibu, nenda na bahasha yako ile ile. Usipokwenda, atasikilizwa mwenzako peke yake.

Na kabla hujaondoka kwenye dawati siku ya kwanza, simama. Isome kadi. Jina la kwanza, la kati, la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, kata. Mwenye foleni nyuma yako atakohoa, mwache akohoe. Ukiona herufi imekosewa, sema hapo hapo mashine ikiwa bado imewashwa, kwa sababu ukishatoka nje ya geti la shule, herufi hiyo itakusubiri mpaka zoezi lijalo.